Likelemba ya Watu Wanne

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, siku ya Jumanne, mdogo wangu alipotuacha nyuma ya ukuta uliobomoka na kukimbia peke yake kuelekea nyumba yenye silaha nyingi. Alipigwa risasi kabla ya kufika mlangoni. Kisha, kama alivyozoea, akatoka kwenye mchezo bila kusubiri tumwinue. Tulibaki watatu, na haikuchukua muda nasi tukafa.

Nilikuwa kwenye karakana yangu hapa mtaa wa Tshopo, Kisangani, friji ya mteja ikiwa wazi mbele yangu. Niliweka simu chini nikainua bisibisi. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wenyewe haukutoka kwenye friji.

Mtu wa umri wangu hujifunza michezo hii kwa kuchelewa. Mwanafunzi wa chuo kikuu, binti anayepanga chumba katika ua wangu, ndiye aliyeniwekea kwenye simu. Vikosi vya watu wanne wanne hushuka kwa parachuti kisiwani, hutafuta silaha na kupigana, huku duara la usalama likizidi kubana, na anayebaki nje yake hufa, mpaka kibaki kikosi kimoja. Anayeanguka hafi papo hapo. Wenzake wana nafasi fupi ya kumwinua. Ufundi wa friji nilijifunza kutoka vitabu vya Kifaransa vilivyouzwa kando ya barabara, na mchezo huu nao nilijifunza kwa njia hiyo hiyo: nilitazama upya kila pambano tuliloshindwa nikitafuta sababu. Sababu ilikuwa karibu kila mara ile ile. Tulishuka pamoja, tukafa mmoja mmoja.

Wa tatu katika kikosi chetu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Butembo anayeuza vitenge kwa jumla hapa mjini. Alicheza akiwa nyuma ya meza ya duka lake. Mteja akiingia, aliweka simu chini katikati ya vita, nasi tukasikia kupitia kipaza sauti bei ikipanda na kushuka, huku askari wake akiwa amesimama uwanjani kama nguzo ya umeme. Binti alikuwa akimuuliza kama leo ameuza kitenge au ametuuza sisi. Yeye alijibu kwamba kitenge kinalipa karo ya watoto, sisi hatulipi kitu.

Wa nne alikuwa mdogo wangu. Anaishi Isangi, ananunua samaki wa kukaushwa na kuwaleta huku kwa mashua. Tangu matanga ya baba tulikuwa hatusemeshani. Yeye alitaka shamba la baba la Bengamisa liuzwe, mimi nilikataa, na maneno yaliyofuata yalisemwa mbele ya watu. Baada ya hapo habari zetu zilipitia kwa dada. Siku moja niliona jina lake la mchezo kwenye orodha ya wachezaji, nikamtumia mwaliko bila kuandika neno. Akaukubali bila kuandika neno. Jioni ile nilisikia sauti yake akisema adui yuko juu ya paa. Ndiyo sababu sikumfukuza kikosini, hata wale wawili waliponiomba nimfukuze. Hapakuwa na mahali pengine ambapo sauti ya mdogo wangu ilinifikia.

Kugombeza nilikuwa nimejaribu, haikusaidia. Kumsifu pia nilijaribu, akazidi kwenda kivyake. Basi nikawaza likelemba. Hapa Kisangani hata anayeuza mkaa ana likelemba yake: watu kadhaa wanachanga kila wiki au kila mwezi, mmoja anabeba zote, na zamu inazunguka mpaka kila mtu apate. Watu wasiopendana hukaa miaka katika likelemba moja bila kudhulumiana, kwa sababu kila mmoja anajua siku yake inakuja. Niliona hicho ndicho tulichokosa. Nikawaeleza utaratibu: katika kila pambano mmoja wetu ni mwenye zamu. Bunduki nzuri ni yake, dawa ni zake, anachagua mahali pa kushuka, na wengine wote wanakaa naye. Ashinde au ashindwe, pambano linalofuata zamu ni ya mwingine.

Mama alielewa kabla sijamaliza. Alisema sasa nimeongea kitu cha watu wazima. Nikapanga: binti wa kwanza, mama wa pili, mimi wa tatu, mdogo wangu wa nne. Yeye alisema "bon", yaani sawa, basi.

Kwa siku chache mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Katika zamu ya mama nilimpa dawa yangu ya mwisho, na siku hiyo aliwaambia wateja wake wasubiri. Binti alijifunza kutosema "nifuateni" halafu kukimbia. Lakini mdogo wangu alizidi kuwa mbali. Alishuka upande wake, akaokota vyake, akafa kivyake, hata katika zamu yangu. Nilipomuuliza tatizo ni nini, aliacha kuokota risasi, askari wake akasimama.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa hapa, "uliniweka wa mwisho, kama mutu mwenye atakula makuta ya watu na akimbie. Miye nilikula feza ya nani?"

Akatoka.

Mama alivuta pumzi, kisha akaniuliza kwa upole kama kweli sikujua. Nilijua, kama anavyojua kila mtu hapa. Katika likelemba zamu ya kwanza hupewa mtu mnayemwamini, kwa sababu akishabeba anaweza kuacha kuchanga. Msiyemjua vizuri mnamweka mwisho, ili achange kwanza na wote waone. Mkono wangu ulipanga hivyo bila kuniuliza, kama unavyozima umeme kabla ya kugusa nyaya. Nilikuwa nimechukua desturi nzima ya kuwaweka watu pamoja, na ndani yake nikachukua pia sehemu inayosema nani haaminiki. Tena nilimwambia hivyo mbele ya watu, mara ya pili.

Hakurudi siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata.

Wakati huo mwenye duka moja la simu mjini alitangaza mashindano ya vikosi. Mama alikuwa amekwisha kulipa ada yetu ya kuingia, sisi wengine tukamrudishia mafungu yetu. La mdogo wangu nililitoa mimi. Majina manne yalikuwa yameandikwa. Iliruhusiwa kumbadilisha mtu mpaka Jumamosi, na binti alikuwa na mwenzake wa darasani, mchezaji hodari na mtiifu.

"Papa, huyu anasikia," aliniambia. "Ukimwambia lala, analala. Leki yako ukimwambia lala, anapanda nyumba."

Mama alikubaliana naye. Leki, yaani mdogo wangu, angetuangusha, na fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Kwa hesabu walikuwa sahihi. Niliwaambia wanipe mpaka jioni.

Nilimpigia simu, simu ya kawaida, mara ya kwanza tangu matanga. Nilisikia injini ya mashua na watu wakibishana juu ya magunia. Nilikuwa nimepanga maelezo marefu kuhusu mpangilio ule, nikayaacha. Nilimwambia zamu zimeanza upya, binti amekubali kuwa wa tatu, ya kwanza ilikuwa imeniangukia mimi, nami nimempa yeye. Mimi nakuwa wa mwisho. Katika likelemba mtu hutoa zamu yake ya kwanza kwa ndugu mwenye msiba au mgonjwa hospitalini, si kwa sababu ndogo.

"Na ule mama anakubali?"

"Amenung'unika. Anakubali."

"Siku ya mashindano njo siku ya zamu ya kwanza?"

"Ndiyo."

Injini ilizidi kelele. Alisema ataona kama mtandao wa Isangi utakuwepo, akakata. Shamba hatukulitaja.

Jumapili baada ya misa ya pili tulikuwa watatu kwenye benchi ya lile duka la simu, mama bado amevaa nguo za kanisani. Jina la wa nne liliwaka dakika ya mwisho. Mdogo wangu alichagua kushuka pembeni, mahali penye silaha chache na kimya kingi. Binti alinitazama. Nilimwonyesha kwa kichwa kwamba zamu ni zamu.

Tulikwenda vizuri zaidi ya nusu ya pambano. Yeye ambaye hakuwahi kumsubiri mtu alikuwa akisimama kwenye kila kona na kuuliza, "Muko wote?" Kisha simu ya mama ikaganda. Askari wake alibaki nje kwenye nyasi, akapigwa, akaanguka, na duara lilikuwa linabana. Binti alisema tumwache, watatu wanatosha. Mimi pia ningesema hivyo; katika mapambano yote niliyoyatazama upya, kurudi wakati kama ule hakukuwa na faida.

"Mama, usizime simu," mdogo wangu alisema. "Ninakuya."

Akarudi. Nasi tukamfuata, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Alimwinua kweli. Duara lilitupita wote wanne tukiwa kwenye nyasi zile, tukafa karibu karibu, tukiwa tumetolewa kabla ya vikosi vilivyocheza vibaya kuliko sisi.

"Tumekufa kama mbuzi za kamba moja," mama alisema. Binti alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka. Kwenye sikio langu laini ilikuwa bado wazi, na nilisikia watu wa Isangi wakipita nyuma yake.

"Yaya. Zamu inayofuata ni ya nani?"

"Ya mama."

"Bon. Kesho nitakuwepo."

Mwenye duka hakurudisha ada ya kikosi kilichotolewa. Tulipoteza faranga elfu sitini za Kongo.