Sahihi Niliyotia Kanisani

Sitaficha, Mungu ananiona: karatasi ya kupinga nyumba za bei nafuu mtaani kwetu, hapa mjini Mesquite, ughaibuni, niliitia sahihi baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi.

Juzi nilikwenda kwenye kikao cha mji. Ukutani palikuwa na ramani, kiwanja cha nyumba hizo kimepakwa njano. Dada mmoja Mtanzania, mwenye sare ya kuhudumia wazee, alikigusa taratibu kama anayebisha hodi.

"Shikamoo, mama. Hapa ningetembea tu hadi kazini. Sasa na-drive saa nzima kutoka Fort Worth, watoto nawaona wamelala tu. Nawe umekuja kututetea?"

"Marahaba," nikasema.

Nikaitazama ile njano mpaka nikaona madirisha, mapazia yakipepea, watoto wakimkimbilia mlangoni.

Kura ya nyumba hizo haijapigwa. Wewe uliyetia sahihi pamoja nami, njoo Jumatatu ofisi za mji tukafute majina yetu kwenye ile karatasi.