Mvua Arudishwa Tanurini

Pale bekari mume wangu anaitwa Mvua. Akichota gao la unga na kuurusha juu ya meza ya kukandia, unatua kote sawasawa, rasharasha. Wenzake humshangilia, naye kichwa kinavimba. Mtu mzima ovyo!

Sisi tunakaa ghorofa ya juu, na ngazi zile ndizo uwanja wetu wa kugombana. Mimi nasema, yeye anajibu, mpaka mlangoni. Kisha akaanza kukosa pumzi. Nikimchokoza anainua mkono tu, kaegemea ukuta, kifua kinapiga filimbi. Nikawa nanyamaza na mimi. Niliogopa, jamani. Niliogopa nitaachwa mjane na ulimi wangu huu, bila wa kunijibu.

Siku zile asubuhi alikuwa anakanda, mchana anasimamia tanuri. Akajiamulia kwamba joto la tanuri ndilo linalomchoma mapafu, akamwomba tajiri amwache mezani kutwa nzima.

"Pale kuna ubaridi, mama watoto. Utaona nitakavyopona."

Wapi! Akazidi kubanwa. Likizo ilipofika tukaenda kwa mama yake, na huko akapumua kama hajawahi kuumwa. Mama mkwe akanikazia macho. "Mwanangu kwangu mzima, kwako hoi. Kwani unampikia nini?" Nikachukua ufagio nikafagia uwanja, maana mama mkwe hajibiwi.

Tuliporudi, akaingia kazini, filimbi ikaanza upya. Nikamkokota mpaka zahanati. Daktari akamsikiliza kifua, akauliza kazi yake, akauliza na akiwa likizo hali huwaje. Mume wangu akajieleza kuhusu tanuri. Daktari akatikisa kichwa.

"Si joto, baba. Ni vumbi la unga unalolivuta. Hii ni pumu ya kazini. Dawa ya kuvuta nitakupa, lakini ukiendelea kukaa kwenye vumbi hilo, itakuzidi."

"Unga?" Mume wangu akaduwaa. "Unga ndio unaonilisha!"

Nikacheka, halafu machozi yakanitoka. Kumbe alikuwa ameikimbia nafuu akaufuata ugonjwa kwa miguu yake mwenyewe! Naye akainamia viatu vyake. Alijua kazi ndiyo basi tena, na ufundi mwingine hana.

Kesho yake nilimsindikiza kwa tajiri, nimejiandaa kwa vita. Tajiri akasikiliza huku anajikuna pua. "Na mimi chafya zangu nilikuwa nasingizia feni," akasema. Vita vyangu vikaishia hapo. Akamrudisha Mvua tanurini moja kwa moja, chumba cha pili, mbali na mashine ya kukandia. Magunia sasa yanamiminwa taratibu, hayakung'utwi. Sakafu inapigwa deki badala ya kufagiwa. Meza inapakwa mafuta, na kurusha unga ni marufuku kwa wote.

Hilo la mwisho lilimuuma. "Sasa wataniitaje?"

"Watakuita ukiwa hai," nikamwambia.

Dawa bado anavuta, na kliniki haachi kwenda. Lakini jana tulipokuwa tunapanda ngazi nilimsema kwa kusahau sabuni. Akanijibu. Tukapita kwa jirani, bado ananijibu, eti mimi mwenyewe sikumkumbusha, eti nina mdomo kama redio. Tukafika mlangoni hajapumzika hata mara moja, na bado anaendelea.

Funguo nilikuwa nazo mkononi. Nikajifanya nazitafuta kwenye mkoba, ili aendelee kusema.