Nyumba Inayokunywa Mvua

Mkate wangu wa kumimina haujapata kuwa na kasoro. Nasema hivi bila kujigamba, ingawa na kujigamba najua. Mchele nauchambua mwenyewe, tui nalikamua kwa mikono yangu, na unga ukishaumuka hauguswi na mtu mwengine. Kwa hiyo siku ile muuza vitambaa wa mlango wa tatu aliponirejea kashika shavu, nikajua kaja kunitania.

"Bi mkubwa, leo hiliki zimekwisha? Umetia kokoto?"

"Kokoto akutilie mkeo."

"Wallahi sikutanii. Tazama."

Akafungua kiganja. Palikuwa na kipande cha chokaa, kidogo kama punje ya mtama, cheupe, na upande mmoja kina rangi ya nili. Nili hiyo naijua. Niliipaka mwenyewe kwenye dari ya chumba changu, baina ya boriti na boriti, mwaka aliozaliwa mjukuu wangu. Nikampa mkate mwengine, nikaingia ndani, nikatazama juu.

Nyumba yenyewe ni ya wakfu, katikati ya Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa, kuta zake nene hata mtoto anaweza kulala ndani ya dirisha. Mimi nakaa chini, chumba na ua, toka nilipoolewa. Juu yangu pana ghorofa moja, na juu ya ghorofa hiyo ni paa la sakafu, bapa, la kupandwa na watu. Paa hilo nalijua kwa mikono. Nilipokuwa kigori lilipigiliwa upya, na mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake walioitwa kazi. Walisimama safu, kila mmoja na gongo lake, kokoto na chokaa mbichi miguuni, wakapiga kwa pamoja huku wakiimba, wakitaniana matusi na kucheka, siku baada ya siku, mpaka chokaa ikakaza kuwa jiwe. Na mimi nilipewa kijigongo. Viganja vilitoka malengelenge. Fundi alikuwa akipita nyuma yetu akisema, "Usiache pahala. Ukiacha pahala, maji yatapajua."

Paa lilipewa mteremko mdogo kuelekea kwenye milizamu, ile midomo inayotokeza nje ya ukuta na kutapika mvua njiani. Hakuna mtu wa mji ambaye mlizamu haujapata kumtapikia kichwani.

Kisha ghorofa ya juu ikakodishwa kwa bwana mmoja, sauti laini, viatu laini, akafungua hoteli ndogo. Si hoteli ya hivi hivi, alisema, hoteli ya kutunza mazingira. Chupa za plastiki marufuku, taa za jua, sabuni ya mwani. Na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye amesoma mambo hayo hayo chuo kikuu Tunguu, akapata kazi pale ya kusimamia mazingira. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho na kofia ya pembe nne. Habari hiyo niliitembeza mjini kuliko nilivyotembeza mkate. Chumba chake cha kazi kikawa juu ya changu hasa. Nikisikia kiti kinaburuzwa, najua kafika. Akigonga sakafu kwa kisigino, najua anataka chai.

Juu kabisa, paani, wakafanya bustani. Masanduku makubwa ya mbao, udongo umepandishwa kwa magunia, na mimi nikatoa vipandikizi vya asumini, mrehani na mchaichai. Kila sanduku likawekwa kibao chenye alama. Mgeni akiielekezea simu, hutoka uso wangu, nacheka, nasema karibu bustanini. Siku za Alkhamisi nilipanda kuwafundisha wageni kutunga asumini. Siwezi kusema uongo, niliipenda bustani ile. Ukikaa pale alasiri, upepo ukapita kwenye mrehani, unasamehe watu wengi.

Lakini sifa kubwa ya hoteli ilikuwa maji. Maji ya mji huja yanapotaka, kila mtu anajua. Bwana akasema tone la mvua lisipotee. Milizamu yote ikazibwa kwa saruji, na maji ya paa yakaelekezwa kwenye bomba moja liingialo tangi la uani. Mapokezi wakatundika kioo kama televisheni, kinaonyesha tarakimu za maji yaliyookolewa. Mvua ikinyesha tarakimu zinapanda, wageni wanapiga makofi. Wakapewa cheti chenye picha ya jani, na mjukuu wangu akapigwa picha amekishika. Picha hiyo niliiweka kando ya kitanda, pamoja na ile ya joho.

Sasa nilipotazama dari yangu, nikaona boriti mbili zimekuwa nyeusi pale zinapoingia ukutani, nyeusi ya kulowa, kama ufizi wa mtafuna tumbaku. Ukuta chini yake umetoa maua ya chumvi. Nikafagia, nikarudi kwenye mikate yangu. Baadaye mlango wa chumba ukaanza kugoma. Ulikuwa mlango wa kufungwa kwa kidole kimoja. Seremala akaupiga randa, ukatii. Ikanyesha mvua nyengine, ukagoma tena. Akapima fremu, akapima tena, akakusanya vifaa vyake.

"Bi, mlango haujavimba. Iliyosogea ni nyumba."

Nilipiga dari kwa mpini wa ufagio. Mjukuu akateremka.

"Shikamoo bibi. Chai tayari?"

"Marahaba. Chai hakuna. Tazama juu."

Alitazama kwa muda mrefu. Akanishika mkono akanipeleka uani, akaligonga tangi kwa konde. Likalia kama ngoma.

"Unasikia, bibi? Tupu. Na juzi imenyesha kutwa."

"Na kile kioo chenu?"

"Kioo kinapima mvua iliyoanguka paani. Hakipimi maji yaliyofika hapa. Udongo wa masanduku umeziba bomba. Nshamwambia bwana, toka mwezi uliopita nnamwambia."

"Sasa maji yanakwenda wapi?"

Akatazama nyumba, akaitazama kuanzia juu mpaka chini. Nami nikahesabu kwa kichwa changu cha skuli kidogo. Juu ya paa, udongo na maji. Chini ya paa, yeye na kiti chake. Chini yake, mimi na kitanda changu. Paa likija, litaanza na yeye.

Bwana mwenye hoteli alishuka mwenyewe kuja kuona. Akanipa shikamoo, akatazama dari, akatabasamu.

"Nyumba hizi, Bi mkubwa, zimeona wafalme na zimeona mapinduzi. Zitatuzika sisi."

"Hilo la kutuzika ndilo nnalolisema."

Akacheka sana. Mtu wa kucheka yule.

"Iondoe bustani," nikamwambia. "Zibua milizamu."

"Bustani nikiiondoa, wageni watakuja kuona nini?"

"Si waje kuona bahari?"

"Bahari kila hoteli inayo, Bi mkubwa. Bustani ya bibi tunayo sisi tu." Akaniinamia kama mjukuu. "Nitakuletea mafundi wakupigie lipu. Msimu wa wageni ukisha, tutalitazama paa."

Mafundi wakaja, wakaupiga ukuta lipu ya saruji, wakapaka dari rangi nyeupe, chumba kikawa kama cha hospitali. Punje zikakoma. Muuza vitambaa akala mkate, akasifu. Na mimi nikaanza kuamini, maana mtu huamini anachokitaka. Mpaka mchana mmoja wa jua kali nikaegemeza kiganja ukutani. Ukuta wa chokaa wakati wa jua huwa mkavu kama unga. Huu ulikuwa wa baridi na unyevu, kama paji la uso wa maiti aliyekwishaoshwa.

Nikamwita mjukuu, naye akaweka kiganja chake.

"Saruji haipumui, bibi. Maji yako nyuma yake, yamejaa tele. Sema sasa hatuyaoni."

"Basi acha kazi. Leo."

"Nikiacha mimi nani atabaki wa kusema? Atamchukua mtu anayejua kupiga picha tu. Na wale wasafishaji vyumba, na mpishi? Wanakaa humo humo." Akapangusa mkono kwenye buibui lake. "Wasimamizi wa nyumba za wakfu nshawaandikia. Wamesema watakuja kukagua."

"Lini?"

"Wamesema watakuja."

Masika yakaingia. Ilikuwa Ijumaa, mvua imeanza alfajiri. Adhana iliposomwa wanaume wote wakaenda msikitini, bwana na watu wake pia. Nikasikia kiti cha mjukuu juu yangu. Nikachukua mtaimbo wa marehemu mume wangu, nikapanda ngazi, magoti yanalia. Nilipopita mlangoni kwake akanidaka.

"Bibi, wapi na chuma hicho?"

"Nnakwenda kumwagilia asumini yangu."

"Kwenye mvua hii?"

"Ndiyo raha yake."

Akanifuata. Paani maji yalituama mpaka kifundo cha mguu, masanduku yamesimama katikati kama ng'ombe mtoni, maua ya asumini yanaelea. Pazuri, haki ya Mungu. Mgeni angepiga picha. Nikaenda kwenye mlizamu wa upande wa njia, nikaanza kugonga ile saruji. Pigo la tatu likanitoa pumzi. Nilidhani mtoto atanizuia. Akaninyang'anya mtaimbo, akavua viatu vyake vya kazini, akapiga yeye, kwa hasira, kama anampiga mtu.

Saruji ikaachia. Maji yakatoka kwa kishindo, na huko chini njiani mwanamke akapiga ukelele: "Nyie! Mnatuosha na bado hatujafa?" Tukacheka, mimi na yeye, tumelowa chepechepe, mpaka nikashika ubavu.

Kisha nikayatazama yale maji. Nilitarajia yatoke mekundu, ya udongo wa masanduku. Yalikuwa meupe. Yalitoka mazito, meupe kama tui la kwanza, hayakomi. Nikakinga kiganja, nikasugua kwa kidole gumba. Ilikuwa chokaa. Ile tuliyoipigilia, mama yangu na wenzake na mimi na kijigongo changu, ilikuwa inateremka njiani kama uji.

"Bibi," mjukuu akasema, kwa sauti ya chini sana. "Usikanyage hapo. Njoo kwangu. Taratibu. Pitia ukingoni."

Pale nilipokuwa nimesimama pamebonyea, kama godoro linavyobonyea mtu akiinuka. Tulishuka tumeshikana, mgongo ukutani.

Bwana hakukasirika. Alicheka, akasema nina nguvu za kijana. Siku ya pili mlizamu ukazibwa tena, kwa saruji bora zaidi. Baadaye, kwa sababu mjukuu hakunyamaza, wakaleta magogo ya kuegemezea dari. Ya juu waliyavisha kanga na kuyatundika vikandili. Nasikia wageni wanayapenda. Ya chumbani kwangu hawakuyavisha kitu. Moja liko baina ya kitanda na mlango, na kila nilipoamka kusali lilinigusa bega kama mtu anayeniambia nitoke.

Nimetoka. Nilichukua sufuria zangu, msala, na zile picha mbili, nikahamia kwa binti yangu Kikwajuni. Sikufukuzwa. Mimi sifukuziki. Lakini nilianza kulala nikiwa nimekunja miguu, ili nichukue pahala padogo, na mtu mzima hawezi kuishi hivyo nyumbani mwake.

Mjukuu bado yuko kule. Ameapa kwamba wakaguzi wakishakuja, wakaandika, wakawatoa watu wote, ataondoka wa mwisho. Wakaguzi bado hawajaja. Asubuhi hutoka hapa na pikipiki yake, anipigie akifika, anipigie akitoka. Ili nisiwe na wasiwasi akanitilia kile kioo cha hoteli ndani ya simu yangu. Mimi nimesoma chuo cha Kurani kwa maalim na madarasa machache ya skuli, maandishi nayapapasa, lakini tarakimu nazijua.

Leo mvua imeanza kabla sijamaliza kuukoroga unga. Nimempigia.

"Uko wapi?"

"Kazini, bibi."

"Kaa karibu na ukuta."

"Nshakaa."

"Ukuta upi?"

Nikasubiri acheke. Nilisikia mvua upande wake, nzito kuliko ya huku, na nyuma ya mvua sauti za wageni.

"Huu wa ngazini," akasema. "Ule mwengine siuegemei."

"Teremka mwanangu."

"Kuna mtu bafuni, bibi, mgeni. Nnamngoja atoke niwateremshe wote. Ntakupigia."

Kakata. Nimeiweka simu juu ya meza, kando ya unga. Uso wangu uko pale juu ya kioo, ule ule wa vibao, nacheka, karibu bustanini, na chini ya uso tarakimu zinapanda, zinapanda mbio, na huko mapokezi pengine kuna mtu anapiga makofi. Unga umeumuka umefika ukingoni mwa bakuli, naye bado hajapiga. Sijautia motoni. Naitazama simu.