Mvua ya Uongo Muhuru Bay

Mama mdogo alinipigia simu adhuhuri moja, jua limewaka mpaka mbwa wa mwenye nyumba wangu hapa Homa Bay amejificha chini ya tangi la maji. Hakunisalimia.

"Wewe! Mvua iko wapi?"

"Mvua gani, Mama?"

"Si umetuandikia tuanue omena, mvua inakuja? Tumeanua. Sasa tumesimama hapa na makarai, na juu hakuna wingu hata la dawa!"

Mama mdogo huanika omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay, kwenye neti zilizotandazwa ufuoni. Zikinyeshewa kabla hazijakauka, hakuna mtu atakayezinunua azile; zinaishia kuwa chakula cha kuku. Ndiyo maana nilitengeneza mfumo unaosoma hali ya anga na kuwatumia akina mama wa ufuo SMS mvua ikikaribia. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wajiandikishe, akiwaambia mtoto wa dadake amesomea kompyuta na hawezi kuwadanganya. Sasa walikuwa wanamcheka. Na SMS ya pili, hata ikiwa ya kweli, nani angeiamini?

"Nyathina," alisema, yaani mtoto wangu, sauti imeshuka, "usiniaibishe tena." Akakata simu.

Nilirudi kwenye kompyuta nimefura. Asubuhi hiyo nilikuwa nimempa kazi ajenti, ile AI inayonisaidia kuandika programu. SMS zilikuwa zinakatika mwishoni, nikamwambia arekebishe. Ajenti kama huyu unampa zana, na kila zana unaiandikia maelezo mafupi: inafanya nini, itumike lini. Hana kingine cha kumwongoza. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini ametuma ujumbe wa mvua juani. Akanijibu kwa ile adabu yake inayoudhi kwamba alitaka kuhakikisha ujumbe unafika mzima, kwa hiyo akatumia zana ya kutuma ujumbe.

Nikafungua maelezo ya hiyo zana. Nilikuwa nimeandika: "Hutuma ujumbe." Basi! Unaenda kwa nani? Ni wa kujaribu au wa kweli? Ukishaenda, unarudishika? Kimya. Mimi nilijua upande wa pili kuna mama mdogo na karai lake, lakini ajenti angejulia wapi? Yawa! Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Niliandika upya, na kwa sababu bado nilikuwa nimechafukwa na roho, niliandika kwa herufi kubwa: HATARI, USITUME, USITUME KABISA. Kisha nikamwambia awatumie akina mama ujumbe wangu wa kuomba msamaha. Akakataa. Alisema maelezo yamemkataza kutuma kabisa. Nikabembeleza, nikaeleza, akaniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao, akaniuliza tena. Na kule Muhuru Bay watu wanaendelea kumcheka mama mdogo. Haki, nilitaka kulia.

Nikaenda nikanawa uso, nikarudi nikaunda zana ya pili ya majaribio, kisha nikaandika maelezo polepole, kama vile mtu anavyomwandikia jirani anayemwachia nyumba. "Zana hii hutuma SMS ya kweli kwa akina mama wote waliojiandikisha Muhuru Bay. Wakiipata wanaacha kazi na kuanua omena. Ikishatumwa hairudi. Itumie tu ukiambiwa uwatumie wote. Ukitaka kujaribu, tumia zana ya majaribio, ambayo hutuma kwa simu yangu pekee." Sikuweka herufi kubwa hata moja mahali pasipostahili.

Nikamwomba tena atume ule ujumbe wa kuomba msamaha, akautuma bila kunisumbua. Kisha nikamwambia ahakikishe kwamba ujumbe wa mvua haukatiki. Nikashika simu kwa mikono miwili. Ikalia yangu, yangu peke yake, na ujumbe ulikuwa mzima mpaka nukta ya mwisho. Nilingoja mama mdogo apige kunifokea. Hakupiga. Lo, nilivyoshusha pumzi siku ile!

Lakini bado ilibaki mvua yenyewe. Ilikuja Jumamosi, nikiwa nimefua na kuanika nguo zangu zote nje. Mfumo ulituma onyo, nami nikampigia mama mdogo. Hakushika. Nikapiga tena, hakushika. Nikamwona akilini ameketi, SMS imefunguliwa, anasema hatakubali kuchekwa mara ya pili.

Halafu akapiga yeye, anahema.

"Kwani wewe unapiga simu mtu akiwa na karai kichwani? Ningeshika na nini?"

"Umeanua?"

"Nimeanua kitambo. Wenzangu walikuwa wananiangalia tu, ati huyu naye hajifunzi. Nikaendelea. Halafu mmoja akainuka, na mwingine, mwishowe ufuo wote ukawa mbio. Ngoja usikie." Akainua simu kuelekea mabati. Mvua ilikuwa inapiga kwa fujo, na nyuma yake wanawake wanacheka, safari hii kwa raha. "Zote ziko ndani, nyathina. Zote."

Nilisimama nimebana simu sikioni, machozi yananitoka, nikisikiliza ile mvua, mpaka nikashindwa kujua mabati yanayolia ni yake au ni yangu.

Yalikuwa yangu pia. Nilitoka mbio, na nguo zote, hadi soksi, zilikuwa zimelowa chapachapa.