Gari la Baba na Nyundo ya Kaka

Kaka yangu alivunja taa za mbele za gari la baba siku ya Jumapili, wakati watu wa mtaa wetu wa Mbotela wanatoka kanisani na vitabu vyao vya nyimbo kwapani. Alikuja taratibu, amevaa shati jeupe la ibada, nyundo mkononi kama fundi aliyeitwa kupigilia msumari mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeinamia injini nikisafisha plagi. Kioo kilipopasuka mara ya kwanza nilidhani ni chupa ya jirani. Mara ya pili nilihisi bodi ya gari ikitetemeka tumboni mwangu, nikainua kichwa. Taa zote mbili zilikuwa zimekwisha, na yeye alikuwa akiipima bampa kwa macho.

"Mwambie baba aje azirudishe," alisema.

Baba alikuwa amelala kaburini kule Kangundo tangu mvua za mwaka uliotangulia. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na gari hilo, stesheni wagoni ya Kijapani iliyokaribiana nami kwa umri, ndilo gari pekee aliloendesha ambalo halikuwa la tajiri wake. Figo zilipomshinda aliniita kando ya kitanda, akanipa ufunguo mbele ya mama na kaka. Alisema gari ni la anayelijua, akageukia ukutani. Kaka alitoka nje. Tulimsikia akiupiga ngumi mlango wa bati wa choo mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Kwetu Ukambani mali ya baba hufuata mwana wa kiume, na kaka ndiye aliyekuwa mwanamume pekee kati yetu, tena kifungua mimba. Alikuwa na bucha Shauri Moyo. Alikuwa mtu mkubwa, mkono wake wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa sababu ya shoka la mifupa. Mimi nilikuwa karani katika stoo ya vifaa vya ujenzi Industrial Area, sijaolewa, nikiishi na mama katika nyumba ileile tulimozaliwa. Kaka aliwaambia ami zetu kwamba siku nitakayoolewa gari la ukoo litaingia boma la watu asiowajua. Ami walikubaliana naye, ila hakuna aliyetaka kuvunja neno la marehemu, basi wakanywa chai wakaenda zao.

Gari lenyewe lilikuwa mzoga. Lilikaa uani juu ya mawe ya kujengea, chini ya kamba za kuanikia nguo. Kutu ilikuwa imekula sakafu upande wa dereva hata ukikaa kitini uliona saruji kati ya miguu yako. Kabureta ilivuja, radieta ilitoboka, na breki zilikuwa na tabia ya kulivuta gari upande wa kulia, kwenye magari yanayokuja. Sikutaka kulifufua tu lirudi lilivyokuwa. Nilitaka liwe gari jipya ndani ya ngozi ya zamani, lenye injini ya kisasa isiyotumia kabureta, breki za diski mbele, na viti ambavyo mama angeweza kukaa bila mgongo kumuuma. Kila jioni nikitoka kazini na kila Jumamosi nilikuwa chini yake. Nilikata kutu, nikapiga bati jipya, nikasugua mikono na mafuta ya taa mpaka ngozi ikachubuka. Nilipenda kazi ile kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Baada ya taa kuvunjwa nilikwenda kwa wauza vipuri vya magari yaliyobomolewa, nikapata taa za toleo la baadaye la gari lile, kali kuliko zile za kwanza. Zilikuwa pana kidogo, ikabidi nikate bati ndipo zikae. Kaka alipita wiki iliyofuata akaziona zinang'aa. Alimsalimia mama, akala githeri, akaenda.

Akarudi siku ya kazi, adhuhuri, mimi sipo. Mama alikuwepo. Nilipofika jioni nilikuta viti vimepasuliwa kwa kisu cha bucha, kwa mikato mirefu iliyonyooka, sponji imetolewa na kutupwa uani kama matumbo ya mbuzi. Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga. Nilimuuliza kama alimwona. Akasema alimwona. Nilimuuliza alifanya nini. Akasema alifunga mlango ili moshi wa jirani usiingie.

Nilikwenda Shauri Moyo vilevile nilivyokuwa, na viatu vya ofisini. Nilimkuta nyuma ya kioo cha bucha akikata mbavu, wateja wawili wanangoja. Sikumsalimia. Nilichukua jiwe la mizani, la chuma, nikalirusha kwenye kioo kile. Nyama ilijaa vipande vya kioo, wateja wakakimbia. Kaka alitoka, akanishika shingo kwa mkono ulionuka mafuta ya ng'ombe, akanibamiza ukutani mara moja, polepole, kama mtu anayejaribu kama ukuta ni imara. Nilimuuma mkono. Nilihisi meno yakifika mahali pagumu. Hakuniachilia.

Akaniinamia sikioni akaniambia, kwa sauti ndogo kabisa, "Wewe alikufundisha. Mimi alinipiga."

Kisha akaniachilia, akaenda kumimina maji kwenye jeraha lake.

Ilikuwa kweli. Baba alipokuwa akitengeneza gari hilo Jumamosi, alitutaka tuwe hapo, kaka akimpa spana nami nikimmulikia tochi. Kaka akitoa spana isiyotakiwa, baba alitoka chini ya gari bila haraka, akachukua mkanda mkuukuu wa feni uliotundikwa msumarini, akampiga nao. Mkanda wa feni una meno ndani. Ulimwachia alama kama za ngazi kuanzia mabegani hadi kiunoni. Kadiri alivyopigwa ndivyo mikono ilivyozidi kutetemeka, na ndivyo alivyozidi kukosea. Mimi sikuwahi kupigwa hata mara moja. Nilijua spana zote kwa sababu nilikuwa na utulivu wa kuzitazama.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na shingo iliyovimba, na niliwaza kumpa ufunguo. Niliwaza hilo kwa dhati. Kisha nikaona mikato ile ya kisu, nikaona sponji uani, moyo ukawa mgumu tena. Nilimpelekea fundi wa Gikomba viti vile, akavishona upya kwa ngozi ya bandia ya rangi ya kahawa.

Mtu aliyesimama nami wakati huo alikuwa jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Murang'a anayeuza mitumba Gikomba, ambaye wote tulimwita Mama Mtumba. Alikuwa mjane mwenye mabega mapana, na alikuwa na rungu nyuma ya mlango wake ambalo aliniambia waziwazi kwamba lilishawahi kutumika. Siku niliyoleta injini mpya, yaani mpya kwangu, aliwaita wabeba mizigo wawili anaofahamiana nao sokoni, tukaishusha kwa mnyororo kutoka kwenye bomba tulilolilaza juu ya kuta mbili. Yeye ndiye aliyeshika usukani wa kazi, akiwafokea wale wanaume wasiibamize. Injini ilipokaa mahali pake aliipiga kofi kama mtu anayempiga punda mzuri.

Zikabaki breki. Nilikuwa nimetoa magurudumu yote mawili ya mbele, nimefunga diski, na Jumamosi alasiri nilikuwa chali juu ya katoni nikikaza bomba la mafuta ya breki. Gari lilikuwa juu ya jeki. Kwa tahadhari nilikuwa nimelaza gurudumu moja kuukuu chini ya ubavu wa gari, kama baba alivyonifundisha. Niliona viatu vya kaka kwanza. Vilikuwa buti za mpira za bucha, nyeupe, zenye damu kwenye nyayo. Nilimwita kwa jina lake. Nilimwambia niko chini.

"Najua uko chini," alisema.

Akaipiga jeki teke.

Gari lilishuka lote. Lile gurudumu kuukuu lilipokea ubavu likanusuru kifua changu, lakini mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika bomba, na diski iliangukia vidole ikavigandamiza kwenye saruji. Sikupiga kelele mara ile. Niliona vumbi likishuka kutoka kwenye bodi, nikaona kwamba bomba halikuvunjika, nikafurahi. Ndipo maumivu yakaja, na sauti niliyoitoa hata mimi sikuijua.

Kilichofuata nilikiona kwa upande, kupitia nafasi kati ya gari na ardhi. Kaka alipiga magoti, akashika bodi kwa mikono miwili akajaribu kuliinua gari peke yake, akilia. Mama Mtumba alitoka na rungu akampiga nalo kichwani, akaanguka. Wakaja vijana wa ploti, wapangaji wenzetu. Mtu alisema ameniua. Baadhi yao waliinua gari wakanivuta nje, na wengine wakamkokota kaka hadi getini. Walimpiga mateke ya mbavu, wakampiga kwa bomba langu la kurefushia mpini wa spana, na mmoja aliinua jiwe la kujengea kwa mikono yote miwili juu ya kichwa chake.

Mama alipita kati yao. Sikuwahi kumwona mama akikimbia. Alilala juu ya kaka mwili mzima, kitenge kimefunuka miguuni, akawaambia wampige yeye kwanza. Yule wa jiwe alilitupa pembeni. Walimtemea mate kaka wakatawanyika.

Hospitalini walikata vidole viwili na kipande cha kidole cha tatu. Polisi walikuja nikiwa bado na bandeji, wakaniuliza ilikuwaje. Mama aliketi kitandani mwangu na uji ndani ya chupa. Askari walipotoka kidogo aliniomba niseme jeki iliteleza.

"Ataozea jela, mwaitu," nilimwambia, kwa neno letu la mama, "na ni haki yake."

Aliutazama mkono wangu. "Wewe umebaki na mkono mwingine," alisema. "Mimi sina mwana mwingine wa kiume."

Nilimwambia achukue uji wake aende. Askari waliporudi niliwaeleza kila kitu, kuanzia nyundo hadi buti. Mahakamani kaka hakukana. Alisimama na taya lililovunjwa na wale vijana likaunga vibaya, akamwambia hakimu kwamba alitaka gari life, si mimi. Hakimu alimuuliza kama alijua nilikuwa chini. Alisema alijua. Akafungwa.

Mama hakunisemesha kwa muda mrefu. Tuliishi vyumba viwili tukipitana kama wapangaji. Alinipikia, akaweka sahani mezani, akaenda kula jikoni. Mimi nilimaliza gari. Mama Mtumba alikaa nami kitako kwenye katoni akishika nati ambazo mkono wangu haukuweza tena kuzishika, akitukana kila moja. Maumivu yalikuwa yanapanda hadi kwapani, na nilifanya kazi nikiwa na hasira, nikikaza kila kitu kupita kiasi, hata nikavunja boliti nikaanza upya. Siku injini iliponguruma, uani mote watu walitoka. Moshi wa kwanza ulikuwa mweusi, kisha ukawa mweupe, kisha haukuonekana. Nilikanyaga mafuta kwa nguvu, tena na tena, mpaka madirisha yakatetemeka na watoto wakaziba masikio. Nilitaka kila mtu asikie. Mama alikuwa ndani, na nilitaka yeye asikie zaidi.

Nililipeleka Jogoo Road, nikashika breki ghafla mahali peupe. Lilisimama limenyooka, halikuvuta kulia hata kidogo. Niliegesha kando, nikaweka kichwa kwenye usukani. Nilikaa hapo hadi askari wa trafiki akaja kuniambia niondoke.

Nilikwenda gerezani mara mbili. Mara ya kwanza kaka alikataa kutoka. Mara ya pili alitoka, amekonda, akaketi ng'ambo ya wavu. Alitazama mkono wangu nilioulaza makusudi mahali atakapouona.

"Baridi inauuma?" aliuliza.

Nilimwambia ndiyo, hasa asubuhi. Alisema mgongo wake pia, tangu utotoni. Nilikaa hadi muda wa wageni ukaisha kwa sababu niliona aibu kuondoka mapema.

Sasa ametoka. Mama alizungumza nami tena siku ile ile kaka aliporudi, kana kwamba hakuwa amenyamaza, akaniomba nimpeleke kliniki ya shinikizo la damu, nami nikampeleka. Kaka hukaa Komarock na mkewe, na bucha imefunguliwa upya. Haji Mbotela nikiwepo. Jumamosi humtuma mtu na maini yaliyofungwa kwenye gazeti, naye mjumbe hutaja kwamba ni yangu, asitaje yametoka kwa nani. Mimi sijawahi kuyala. Humpa Mama Mtumba, naye huyakaanga na vitunguu mlango ukiwa wazi, na husema ni maini laini sana.