Daftari la Mahudhurio

Liliane ana cherehani yake hapa Songambele, mlango wa pili kutoka dukani kwa baba yangu, na mpaka leo mteja hulazimika kuinama ili amsikie akitaja siku ya kuja kuchukua gauni. Wengine hudhani anaringa. Mimi huwakatiza, tena kwa ukali, kwa sababu niliwahi kumfanyia mabaya kuliko hayo.

Darasa la sita tulikuwa tisini na wawili. Mwalimu Placida alikuwa na madarasa mawili ya kuangalia, hivyo asubuhi aliniachia mimi, kiranja, daftari la mahudhurio. Nilisoma majina, kila mmoja akaitika "Nipo", nikatia alama. Kazi yenyewe ndogo, ila ilinivimbisha kichwa. Mimi Kauthar, binti wa Mzee Abdulrahim mwenye duka, nilikuwa na mdomo, na shule nzima ilinijua kwa mdomo huo.

Liliane Niyomugabo alikaa nyuma kabisa. Wazazi wake walitoka Burundi kabla hajazaliwa, na baba yake, Mzee Leonidas, alifanya kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya watu. Liliane akiitwa, midomo ilisogea lakini sauti haikufika mbele. Siku moja nilimtazama usoni kabisa, nikasema, "Hayupo," nikachora sifuri. Darasa likaangua kicheko. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa. Likawa ndilo jina lake, Hayupo, hata watoto wa darasa la pili wakamwita hivyo kwenye foleni ya uji. Hakulia, wala hakumshtaki mtu. Ukimya wake uliniudhi, nikazidisha. Ningependa kusema nilikuwa mtoto tu, sikujua. Nilijua.

Mwezi wa tisa, siku moja kabla ya mahafali ya darasa la saba, wasichana wa darasa letu tulipewa kazi ya kumenya ebitoke, zile ndizi za kupika, mikungu kumi na minane. Sasa kwetu, watu wenye asili ya Pangani, chakula kilikuwa wali, na ndizi zikipikwa aliyezimenya ni mama. Wenzangu walimenya huku wanapiga soga, hata hawatazami kisu. Mimi nilikata ganda pamoja na nyama yake, na utomvu ukaniganda vidoleni. Walipoanza kukonyezana niliinuka upesi, nikaenda kwenye pipa la maji ili ninawe na nilie kidogo.

Mtu akanishika mkono. Alikuwa Liliane.

"Usinawe na maji, vidole vitabaki vyeusi wiki nzima," alisema. "Paka mafuta kwanza."

Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa. Nikiwa karibu naye hivyo niliisikia yote. Alinimiminia mafuta ya kupikia viganjani, akanisugua mpaka utomvu ukatoka, kisha akalisogeza fungu langu la ndizi upande wake na kuendelea kumenya, kichwa chini. Nilikaa pembeni yake na mikono yangu ya mafuta, nikiona aibu ambayo sikuwahi kuijua. Nilitaka kumwomba radhi. Nikasema nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu Mzee Leonidas aliitwa shuleni. Daftari lilionyesha binti yake ana siku thelathini na moja za utoro. Alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi, mabuti yana udongo wa shamba, huku Mwalimu Placida akimweleza kwamba hatua inayofuata ni kwa mtendaji wa kata. Mzee alimwuliza Liliane alikuwa anakwenda wapi kila asubuhi na sare ya shule. Liliane alifungua mdomo, kisitoke kitu.

"Mwalimu, kama shule imemshinda, nitamchukua," mzee alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Tutafanya kibarua wote."

Liliane akaanza kukusanya madaftari yake.

Nilisimama. "Mwalimu, alikuwepo," nilisema. "Siku zote hizo alikuwepo. Ni mimi niliyemwandika hayupo."

Liliane alirudisha madaftari yake mezani. Mimi nilivuliwa ukiranja mchana uleule, na baba naye akaitwa shuleni. Lakini lililoniuma zaidi ni wale wale waliocheka pamoja nami. Walinihama dawati, wakaniacha peke yangu.

Asubuhi iliyofuata majina yalisomwa na kiranja mpya, Winston. Nilikuwa nimejipanga kuitika kwa nguvu kama zamani.

"Kauthar Abdulrahim."

Darasa zima liligeuka kunitazama. Nilifungua mdomo, sauti isitoke, nikajua Liliane alichokuwa anakijua kila asubuhi. Winston alisubiri kidogo, akashusha kalamu kwenye daftari, na vicheko vikaanza upande wa dirishani.

"Yupo," alisema Liliane kutoka nyuma kabisa, na kila mtu alimsikia.