Udongo Uache Bungoma

Jiko langu lilibomolewa na watu wa kujitolea. Hata leo nikisikia mtu anasifiwa ati anajitolea, namwangalia mikono kwanza.

Hiyo ilikuwa Matisi, Kitale, miaka ya elfu mbili na kitu. Mtaa wetu ulikuwa na kamati ya wakaaji waliojitolea, iliyopitia kila ombi la ujenzi kabla halijafika kwa baraza la mji, ili Kitale, walisema, ibaki na sura ya mji. Walikuja kwenye ploti, wakasimama mduara, mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Mkono mmoja tu ukiinuka, hujengi. Sheria hiyo aliitunga mwenyekiti mwenyewe, mstaafu wa serikali, Mbukusu wa Bungoma kama mimi. Na mkono ulioinuka kila mara ulikuwa wake.

Mimi nilikuwa nimekandika jiko nyuma ya chumba chetu. Kuta za udongo, paa la mabati. Aliinua mkono hata kabla hajamaliza swali.

"Mama, hapa ni mjini," akaniambia. "Udongo uache Bungoma."

Wenzake wakacheka. Wiki hiyo hiyo wakatuma vijana na majembe.

Nikaanza kupikia ndani, kando ya kitanda. Msichana wangu ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Alijikwaa, akaangukia makaa kwa kiganja.

Nilimpeleka Bungoma kwa mama yangu, mkono umefungwa bandeji. Nikalia, nikatukana. Mama alikuwa anasonga ugali katika jiko lake, la udongo, wala hakugeuka.

"Huyo mwenyekiti wenu, si anatahiri kijana wake mwezi wa Agosti?" akasema. "Ngoja uone atamlaza wapi."

Kwetu kijana akishatahiriwa halali tena chini ya paa la mama yake. Lazima awe na kibanda chake. Mtu anaweza kustaafu serikali, hilo hastaafu.

Nikarudi naye Matisi, nikaingia kamati. Walikuwa wametangaza kanisani kwamba wanatafuta mama mmoja, na hakuna aliyetaka. Wakanipigia makofi, ati nimesamehe. Nikawa nawapikia chai yao kila mkutano.

Sherehe zilipokaribia, wajomba wakatoka Bungoma wakamkandikia kijana kibanda uani kwa mwenyekiti. Udongo mtupu, na kamati haikuambiwa kitu. Nikadai twende. Tukasimama mduara pale, na kuuliza kama kuna pingamizi ilikuwa kazi ya mwenyekiti. Aliuliza kwa sauti ndogo.

Nikainua mkono.

Akanivuta kando. Sasa nimekuwa dada yake.

"Dada yangu, si tuelewane? Jenga jiko lako, hata kesho. Hakuna atakayesema kitu. Lakini kijana akikosa pa kulala, watu wa nyumbani watanicheka mpaka nife."

Nililiwaza hilo jiko, kusema ukweli. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, na bado nilikuwa napikia kando ya kitanda. Halafu nikakumbuka kile kiganja.

"Udongo uache Bungoma," nikamwambia.

Walikuja vijana wale wale na majembe yale yale. Kijana wake akaenda kupona kidonda chake kwa mjomba, Webuye, na mwenyekiti akakoma kuja kanisani. Jiko sikupata. Watu wameniuliza mara nyingi kama sikuona vibaya, maana mtoto hana makosa. Wangu alikuwa na makosa gani?

Siku kibanda kinaanguka nilisimama nje ya ua nimembeba msichana wangu mgongoni. Nikajigeuza ili aone vizuri.